Saa Iko Neuf

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi, kusudi nikianza usinikate maneno. Maana hii kitu ilinifikia miye mwenyewe, hapa hapa Bunia, muchana kabisa, mvua ikinyesha. Sikuisikia kwa jirani. Na miye si mutu wa mambo ya mizimu. Ninaimba soprano mu chorale ya parokia, ninauza pagne, ndiyo vitenge, ku soko, ninalala Nyakasanza, na ukiniletea habari ya mutu aliyegeuka paka nitakuuliza kwanza ulikunywa nini. Lakini hii, Mungu ananiona, ilikuwa kweli. Ukibisha, pita ku boulevard, ingia mu magazini yoyote inayouza saa, uliza muuzaji swali moja ambalo nitakuambia ku mwisho. Utaona macho yake yanaenda wapi.

Kwanza nikueleze neno moja, kwa sababu kesi yote ilikalia juu ya neno hilo. Siye watu wa Bunia, Kifaransa kimeingia mu Kiswahili chetu kama chumvi mu sombe. Kitu kipya tunakiita neuf. Na tisa nayo tunaiita neuf. Ile saa ya asubui ambayo watu wa Tanzania wanaiita saa tatu, siye tunasema neuf heures. Kwa hiyo mutu akikuambia "saa iko neuf", labda anasema saa ni mupya, labda anasema ni neuf heures. Tumezaliwa nayo, tunaelewana, hakuna anayegombana. Mpaka siku ile.

Mutoto yangu wa kwanza, Dido, alipata muchumba, Furaha, binti ya Muzee Kisembo. Binti mwenye adabu, anacheka na mudomo wazi, anafanya kazi. Niliposikia wanapendana nilimushukuru Mungu kwa sauti mpaka jirani akauliza kama kuna msiba. Lakini kwetu hauchukui mutoto ya mutu kwa maneno matupu. Tulitoa dot, ndiyo mahari: ng'ombe zilienda, pagne za mama zilienda, blanketi, jembe, vyote. Halafu Muzee Kisembo akasimama mbele ya ukoo.

"Ng'ombe ni za ukoo," alisema. "Pagne ni za bibi yangu, mama ya Furaha. Miye mwenyewe ninaomba kitu kimoja. Wakati tulikimbia vita, niliacha saa yangu ku musumari wa ukuta, na nyumba ikaungua nayo. Tangu siku ile ninauliza watu saa mu barabara kama mutoto. Muniletee saa ya mukono, ya kweli, ya neuf. Hapana occasion."

Occasion ni kitu ambacho mutu mwingine alishakivaa, akachoka nacho. Na muzee yule, kila mara akikimbia, alianza maisha upya na vitu vya watu: shati ya occasion, sahani ya occasion, godoro ya occasion. Sasa, mu uzee wake, alitaka kitu kimoja ambacho hakuna mukono mwingine ulikivaa mbele yake. Weye ungemukatalia? Miye sikuweza. Nilimwambia, "Bokilo, utaipata." Bokilo ndiyo tunaita mukwe, na neno kama hilo ukilisema mbele ya ukoo, haliwezi kurudi mu mudomo.

Nikaenda ku boulevard, kwa Patron Jeannot. Magazini yake nzuri, vioo safi, ukuta muzima umejaa saa za kila aina zinapiga tik tik tik, na juu ya mulango wa nyuma affiche kubwa, maandishi mekundu: MARCHANDISE VENDUE, NI REPRISE NI ÉCHANGÉE. Yaani kitu kikishauzwa hakirudi, hakibadilishwi. Affiche hiyo unaijua, iko mu kila magazini, tunaipita kama picha ya mutakatifu. Alinionyesha saa moja ya dhahabu, uso mweusi, nzito mu mukono, mu sanduku yake yenye kitambaa laini. Bei sikuambii, nitalia tena.

"Iko neuf?" niliuliza.

"Mama! Neuf kabisa! Ilitoka Ulaya, ikapita Kampala, ikaingia ku Aru. Hakuna mukono uliigusa."

Nikaipeleka. Muzee aliivaa mbele ya watu, akakunja mukono wa shati, na tangu siku hiyo hakuukunjua tena, hata baridi ikiwa namna gani. Jumapili akaja misa akiwa ameuweka mukono juu ya kiti cha mbele, kila mutu aone. Na misa ilipokwisha, jua limesimama juu ya kichwa, watu wakamufuata nje, wengine kwa heshima, wengine kwa kumutania tu: "Muzee, iko ngapi?"

Akaangalia. "Neuf heures," alisema kwa fahari.

Watu wakaangaliana. Mwingine akauliza tena: "Muzee, sasa iko ngapi?" Akaangalia tena. Akaitikisa. Akaweka ku sikio. Nami nilikuwa nimesimama pale na kanzu yangu ya chorale, na niliona uso wake unabadilika. Kicheko kilianza kwa watoto, kikafika kwa watu wazima, na mbele ya kanisa muzee akaukunjua mukono wa shati polepole, akafunga kifungo.

Nilisikia haya, ndugu yangu, nilisikia haya mpaka ku mifupa.

Kesho yake Furaha alikuja kwangu na saa imefungwa mu kitambaa. Alikuwa amelia njia nzima. "Mama," alisema, "baba ameitembeza mara mingi. Inatembea kidogo, halafu inakimbia yenyewe mpaka ku neuf, inasimama. Anasema ng'ombe ya kununua ndiyo inafanya vile, inarudi ku boma ya mwenyewe wa kwanza. Anasema mumemuletea saa ya mutu mwingine." Akavuta kamasi. "Anasema hakuna ndoa mpaka saa ya neuf itembee ku mukono wake."

Dido alisikia kutoka chumbani. Alitoka, akaangalia Furaha, akarudi chumbani, akafunga mulango. Chakula chake kikabaki ku meza. Mutoto wangu, ambaye hata na malaria anamaliza sahani.

Basi nikavaa. Nilivaa pagne yangu ya kugombana. Kila mwanamuke ako nayo moja. Nikaenda kwa Jeannot.

Kwanza aliniambia niliitia mu maji. Nikamwambia maji iko kwa mamako. Halafu akasema labda muzee aliifunga vibaya. Halafu, sikiliza huyu mutu, akasema: "Mama, hii saa ilipita Uganda. Kule saa zao ziko mbele. Labda bado inafuata saa ya Kampala, itazoea."

"Itazoea? Ni mutoto wa internat, wa shule ya kulala? Patron, hii saa imekufa!"

"Haiwezi kufa, mama. Iko neuf."

"Ndiyo!" nikalia. "Iko neuf! Asubui iko neuf, muchana iko neuf, mangaribi iko neuf!"

Watu waliokuwa mule ndani walicheka mpaka mumoja akashika ukuta. Lakini kicheko hakikunisaidia. Jeannot alinyoosha tu kidole juu, ku affiche yake. Ni reprise ni échangée. "Mama, unajua kusoma," alisema, na akanigeuzia mugongo. Mugongo, miye! Mama wa watu! Nikatoka na saa mukononi, machozi ya hasira mu macho, na ku hatua ya kwanza mvua ikanipiga.

Unaijua mvua ya Bunia. Haitumi barua. Vumbi nyekundu inageuka matope palepale, vijana wa pikipiki wanakimbilia mapaa, mutaa unabaki mutupu. Nikaingia chini ya barza ya magazini iliyofungwa, nikasimama nikitetemeka, ninajisemea peke yangu: nitamwambia nini Muzee Kisembo, nitamwambia nini Dido? Wengi mahali pangu wangesema "Mungu ataona", wakarudi nyumbani. Nami nilikuwa karibu kulisema.

"Mama, iko ngapi?"

Niliruka. Mwanaume alikuwa amesimama kando yangu. Sikumuona akija, na niamini, mu mutaa ule mutupu ningemuona. Mutu wa makamo, costume nyeusi iliyopigwa pasi vizuri, kravati, viatu vinaangaza. Nikafikiri: huyu ni mukubwa wa ONG, shirika la musaada, ameshuka mu jeep. Lakini jeep iko wapi? Sikuona jeep.

"Iko neuf, papa," nilimujibu na ubaya wangu wote, nikamuonyesha saa. "Kwangu iko neuf siku zote."

Hakucheka. Aliiinamia saa ile. "Ndiyo," alisema. "Hiyo ndiyo saa yangu."

Nikafikiri anasema saa ya kazi yake, au ya kula dawa. Ungefikiri nini weye?

"Nilisikia sauti yako mule ndani," akaendelea, "nikaijua. Uliniimbia vizuri sana."

"Papa anasali ku parokia yetu?"

"Nilifika siku moja tu. Na siku ile sikuweza kusema asante."

Sifa ni sifa, hata ukiwa na hasira. Moyo ukalainika kidogo, na kwa sababu alikuwa ananyamaza kama mutu anayesikiliza kweli, nikamumwagia yote: dot, muzee, kanisa, kicheko, Dido na mulango wake, Jeannot na mugongo wake, affiche. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kitu ambacho ninakirudilia kwa kila mwanamuke ku soko mpaka leo.

"Ile affiche haina nguvu, mama. Nilikuwa inspecteur. Nilitembea mu masoko, kutoka Komanda mpaka Aru, ninapima mizani ya wauzaji. Kitu kikiwa na kasoro ambayo muuzaji aliijua akaificha, hakuna karatasi ya ukuta inayomukinga. Sheria inaiita vice caché, kasoro ya kufichwa. Lazima akichukue kitu chake, na weye upate haki yako." Akatabasamu kidogo. "Kilichofichwa, mama, kinafukuliwa."

Alipotaja neno lile, kinafukuliwa, mwili wangu ulipata baridi. Nikasema ni mvua.

"Sasa kama papa ni inspecteur," nilimuuliza, "kwa nini haukumushika tangu zamani?"

"Nilikuwa ninangojea mulalamikaji. Inspecteur bila mulalamikaji ni mutu anayetembea tu. Na watu wetu hawalalamiki. Wanasema Mungu ataona." Akanyoosha mukono kuelekea magazini. "Weye unalalamika?"

"Papa," nikamwambia, "miye nimezaliwa ninalalamika."

"Basi twende."

Tukavuka matope. Miye nilifika nikiwa nimelowa kama kuku. Nikasukuma mulango. Ndani kulikuwa wateja wachache waliokimbia mvua, na mwanamuke mumoja alikuwa anachagua hereni. Jeannot alikuwa anatupatia mugongo tena, anatundika saa ku ukuta.

"Mama, umerudi?" alisema bila kugeuka. "Unajua kusoma."

"Nimemuleta mutu anayejua kusoma kuliko weye," nikamujibu. Jibu hilo nililifurahia sana.

Mwanaume akafika ku meza. Hakupandisha sauti. "Patron, ile saa uliyomuuzia mama. Iko neuf?"

"Neuf," akasema Jeannot.

Na saa zote zikasimama.

Sikiliza nikueleze vizuri. Magazini ya saa iko na kelele yake, tik tik kila mahali, kama wadudu mu majani. Unaizoea, hauisikii tena. Unaisikia siku inakatika. Ilikatika mara moja, na kimya kikatuangukia. Nikainua macho ku ukuta. Za kubwa, za ndogo, ya kuku anayedonoa, ya Bikira Maria, zote mishale yake ilikuwa mahali pamoja. Neuf heures. Na siye tulikuwa tumeshakula chakula cha muchana.

Jeannot akageuka. Aliangalia ukuta wake, akaangalia ile aliyoishika mukononi. Lakini mudomo uliozoea kudanganya unatangulia kichwa, unajua.

"Iko neuf?" mwanaume akauliza tena, vile vile, kwa upole.

"Neuf ka... neuf kabisa, papa."

Mwanamuke wa hereni akatoa kilio kidogo. Alikuwa ameshika simu. Akatugeuzia kioo: neuf heures. Simu, ndugu yangu! Simu inapata saa yake juu mbinguni, sijui ku satelite, nani anaweza kuigusa?

"Patron," akasema mwanaume, "ninauliza mara ya mwisho."

Ndiyo wakati ule niliona macho ya Jeannot yanashuka. Yalishuka kutoka kravati, mpaka suruali, mpaka chini kabisa ku viatu, yakabaki pale. Nami nikaangalia. Sakafu yake nyeupe ilikuwa imechafuka kwa miguu yetu siye wote, na kutoka mulangoni mpaka ku meza miguu yangu ilichora njia nyekundu ya matope. Kando ya njia yangu hakukuwa njia ingine. Tulivuka pamoja ile mvua, na viatu vya yule mutu vilikuwa vikavu, vinaangaza, hata alama moja ya udongo wa Bunia hakuna.

"Haiko neuf!" Jeannot akalia. "Haiko neuf, papa, unisamehe! Ni occasion!"

Tik, ikafanya saa moja ku ukuta.

"Mutu aliniletea ndani ya kitambaa!" Tik, tik. "Nilijua ni ya wizi!" Tik, tik, tik. "Nilimuuliza kidogo tu, nikanyamaza, nikaisafisha na brosi ya meno, nikaiweka mu sanduku ya ingine!" Na kwa kila neno la kweli saa zingine zilianza tena, hapa, pale, juu, chini, utafikiri ukuta muzima unamupigia makofi.

"Brosi ya meno ilikuwa ya nini?" mwanaume akauliza.

Jeannot akafunga macho. "Mu mushipi kulikuwa udongo, papa. Udongo wa ku makaburi."

Sasa unataka kuniuliza kama nilikimbia. Wateja walikimbia, mulango ulikuwa mudogo kwao. Mwanamuke wa hereni alipita chini ya mukono wangu, hereni moja ku sikio. Na miye miguu iliniambia kimbia, moyo uliniambia kimbia, lakini niliwaza: ninakimbia naenda wapi? Kwa Dido, mikono mitupu? Nilikuwa bado sijapata saa yangu! Nikashika meza na mikono miwili, nikabaki.

Mwanaume akanigeukia. Karibu vile, niliona ngozi yake ilikuwa na rangi ya majivu, lakini macho yalikuwa ya mutu wa heshima. "Mulalamikaji," akasema, "unadai nini?"

Sauti yangu ilitetemeka mwanzo. Halafu ikapanda, soprano yangu yote. "Ninadai saa ya neuf! Neuf ya kweli! Sanduku ifunguliwe mbele ya macho yangu! Na garanti, ipigwe muhuri! Na ile affiche," nikanyoosha kidole vile Jeannot alininyooshea, "ile affiche itoke ku ukuta!"

"Umesikia," mwanaume akamwambia Jeannot.

Alisikia. Alipanda ku kiti, akaishusha affiche yake, akaipasua mwenyewe bila kuambiwa. Alitoa sanduku iliyofungwa na plastiki, akaifungua mbele yangu. Saa nzuri kuliko ile ya kwanza, na mushale mudogo unakimbia. Niliiweka ku sikio. Niliangalia karatasi ya garanti, nikasoma kila neno, nikamurudishia: muhuri umekaa vibaya, piga tena. Akapiga tena! Ehee! Jeannot wa boulevard, ananipigia muhuri mara mbili na jasho ku pua. Hata mbele ya mufu, niliona utamu wa ile saa.

Halafu nikaiweka ya zamani juu ya meza, polepole. Mwanaume akanyoosha mukono, shati ikavutika nyuma, na ku kifundo niliona alama nyeupe, mahali saa ilikaa miaka mingi. Akaivaa. Mushale ukatoka ku neuf ukaanza kutembea. Akaileta ku sikio, na uso wake ukafunguka kama wa mutu anayesikia jina lake likiitwa na mutu wa nyumbani.

"Asante, mama," akasema. "Usiache kuimba."

Akatoka. Nilifuata mpaka mulangoni. Mvua ilikuwa inanyesha palepale, mutaa ulikuwa mutupu kulia na kushoto, na mu matope laini mbele ya ngazi niliona alama za wateja waliokimbia na zangu za kuingia, ya viatu vyake hata moja hakuna.

Muzee Kisembo aliipokea saa na mikono miwili. Aligeuza sanduku, akavuta plastiki ambayo bado ilikuwa imenata ku kioo, kidogo kidogo, vile mutoto anavuta karatasi ya bonbon. Akaiweka ku sikio. Tulikuwa tumesimama wote, Dido, Furaha na mama yake.

"Inatembea," alisema. Halafu akalia. Muzee muzima, akalia waziwazi, na akasema, "Hii ni yangu." Furaha akapiga vigelegele, nami nikamupokea, na Dido akauliza kama kuna chakula.

Siku ya ndoa, muzee alisimama ku mulango wa kanisa, mukono wa shati umekunjwa, na kila aliyeingia alimwambia saa bila kuulizwa. Hakuna aliyecheka. Au sema tulicheka siye wote, kicheko cha namna ingine.

Kuhusu yule mwanaume, nilichelewa kuelewa alikuwa nani. Nilikuwa mu mazoezi ya chorale, tunaimba wimbo wa maziko, na kitabu kikaniponyoka. Siku moja tu, alisema. Uliniimbia vizuri. Tulishaimba ku maziko ya inspecteur mumoja, na sikuwahi kuona uso wake kwa sababu sanduku ya maiti ilikuwa imefungwa! Nilimutafuta mujane wake, mama mupole. Akanieleza bila kushangaa sana. Bwana yake alikata roho asubui, ku neuf heures, na yeye mwenyewe aliisimamisha saa pale pale, akamuvalisha, kusudi aende na saa yake. Tulienda ku makaburi, mujane na siye wa chorale, tukakuta simenti imepasuliwa ku upande wa kichwa na kufunikwa na majani. Siku za mwizi ni arobaini, lakini aliyenunua kwa mwizi naye iko na siku zake: nani alibeba simenti? Jeannot. Nani alichota maji? Jeannot. Nani alipiga magoti akilainisha na mwiko, siye wa chorale tumesimama tukimwambia hapo bado, patron, hapo bado? Tulipomaliza tukanyamaza kwa sala. Na mu kile kimya, chini, kidogo kabisa, siye wote tuliisikia. Tik tik tik.

Tangu hapo Jeannot hatamki lile neno. Ukimuuliza saa ku neuf heures, atakuambia, "Ngojea kidogo, karibu dix", yaani kumi. Akikuuzia kitu anasema "mupya", anasema "cha leo", na kama kiko na kasoro anakuonyesha kasoro mbele ya kukuonyesha bei. Habari ilipita boulevard nzima, affiche zikaanza kushuka moja moja, kila muuzaji akijifanya anapaka tu rangi ukuta.

Basi weye unayenunua, usiseme Mungu ataona. Mungu ameshaona, alikuwa anangojea ulalamike. Ingia mu magazini, uliza swali lako: "Patron, iko neuf?" Akiangalia kwanza viatu vyako, nunua bila wasiwasi, atakuambia ukweli.

Na weye unayeuza, kama siku ya mvua mutu wa adabu anaingia mu magazini yako, anakuuliza lile swali kwa upole, angalia chini. Ukikuta viatu vikavu, usijibu kwa mazoea.